Ruzuku ya Fedha Utotoni na Afya ya Utu Uzima

Mwaka 1993 watafiti walianza kufuatilia watoto 1,420 magharibi mwa North Carolina, Marekani. Utafiti ukiendelea, jamii ya Wacherokee wa Mashariki ilifungua kasino, na kila mwanajamii, tajiri kwa maskini, akapata gawio la faida bila masharti. Katika umri wa miaka 30, waliokulia katika kaya zilizopokea gawio walionyesha dalili chache zaidi za wasiwasi na sonona, na afya bora ya mwili, kuliko wasiopokea.

Nchini Tanzania, ruzuku ya TASAF huitwa mpango wa “kunusuru kaya maskini”. Kunusuru ni kuokoa na janga lililopo. Makala haya yanapendekeza kwamba tathmini ipime pia afya ya mtoto atakapokuwa mtu mzima.