Nyayo za Laetoli na hesabu ya wavuvi

Msomaji mmoja ameona kwenye simu nyayo za kale za Laetoli, Tanzania, zikizungushwa huku na huku, mashimo na kingo zake vyote vikionekana. Anauliza: "Picha ni bapa. Hicho kina kompyuta imekitoa wapi?"

Historia ya nyayo zenyewe naipitia haraka: majivu ya volkano, miaka milioni 3.66, kikosi cha Mary Leakey, 1978. Njia ya nyayo hizo ilifukiwa tena isiharibike. Nyayo nyingine za jirani, zilizotangazwa 2016 na Fidelis Masao wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzake, zilipigwa picha nyingi za kawaida kutoka pande mbalimbali, na kompyuta ikazitolea umbo. Anayetaka kupima kisigino sasa hahitaji jembe.

Kina hakimo ndani ya picha moja. Kimo katika tofauti ya picha na picha. Mvuvi wa pwani anayetafuta mwamba wake wenye changu hutazama nchi kavu. Msikiti ukikaa sawa na mbuyu ulio nyuma yake, yuko kwenye mstari mmoja. Mnazi ukikaa sawa na kilima upande wa pili, yuko kwenye mstari mwingine. Mistari inapokatana ndipo pa kutia nanga. Kila nukta ya picha nayo ni mstari, yaani mwale, unaotoka kwenye lenzi kwenda kwenye kitu. Mstari mmoja hausemi kitu kiko umbali gani. Wa pili, kutoka picha nyingine, unaukata.

Ila mvuvi anajua msikiti ulipo. Kompyuta haijui picha ilipigiwa wapi, wala jiwe liko wapi. Chukua mashua mia zilizorudi pwani, kila nahodha akikumbuka tu kipi kilikuwa mbele ya kipi, nawe uchore ghuba nzima pamoja na mahali ilipokuwa kila mashua. Unaanzaje? Kwa kubahatisha! Chora ramani mbovu, kisha uliza: kwa ramani hii, nahodha huyu angeona nini? Linganisha na alichokiona kweli. Sogeza mashua na misikiti yote kwa pamoja, kidogo tu, tofauti ipungue. Rudia, na rudia tena, mpaka miale yote itulie na kosa libaki dogo kuliko nukta moja ya picha. Ukweli unapatikana kwa kusahihisha uongo, na sijachoka kuustaajabia. Hesabu yenyewe Mmarekani Duane Brown aliiandika 1958. Wengine wangeiita "kusawazisha miale"; mimi napenda "kupatanisha", kwa kuwa hakuna mwale unaoshinda, kila mmoja unalegeza kidogo.

Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington waliipa kompyuta zao picha 150,000 za Roma zilizookotwa kwenye intaneti. Haikupita siku, Colosseum ikasimama.

Lakini ghuba iliyochorwa hivi yaweza kuwa kubwa kama kisiwa cha Mafia au ndogo kama beseni. Mpangilio wa alama ni uleule. Ndiyo maana kando ya unyayo huwekwa kipimo chenye urefu unaojulikana. Pasipo kipimo, umbo hilo peke yake lisingemwezesha mtu kukadiria kwamba mmoja wa walioacha nyayo zile zilizotangazwa 2016 alikuwa na kimo cha karibu sentimita 165.

Maji, vitu ving'aavyo na kuta tupu huisumbua njia hii; tuyaache. Zipo pia programu za akili mnemba zinazotoa umbo kutoka picha moja. Zinapendeza, lakini zinakisia kwa kuwa zimeona picha nyingi, na kukisia si kupima.

Msomaji, ukitaka kujaribu, COLMAP na Meshroom ni programu za bure. Chukua kinu cha nyumbani. Usisimame mahali pamoja ukageuza simu, maana kamera isiposogea miale haikatani. Kizunguke, kila picha ishike sehemu kubwa ya iliyotangulia, na uweke rula kando yake.