Mbegu ya mahindi huharibika au hufaulu kwa siku kumi tu

Kila masika ikikaribia, nasikia lalamiko lile lile: kwa nini paketi ya kilo 2 ya mahindi chotara iwe ghali, ilhali mahindi ni mahindi tu? Jawabu liko shambani, katika zile siku chache mihindi inapotoa maua. Jambo hili latuhusu sisi wa Pwani. PH1 na PH4 ni mbegu zetu, zilizotoka kituo cha utafiti cha Mtwapa, na huko Bura na Hola wako wakulima waliolima mahindi ya mbegu kwa mkataba, wakimwagilia maji ya Mto Tana.

Mhindi mmoja una dume na jike. Mbelewele ya juu ndiyo dume, hutoa vumbi la manjano liitwalo chavua. Ndevu zinazochungulia kwenye gunzi ndizo jike. Kila unywele mmoja ni punje moja. Ukikosa chavua, mahali pake hubaki pengo. Ukiona gunzi lenye meno ya mzee, ujue hapo uchavushaji ulifeli.

Kupata chotara, hupandwa mbegu za aina mbili shamba moja, kwa mfano mistari minne ya jike kwa mmoja wa dume. Mistari ya jike hung'olewa mbelewele zote kabla hazijamwaga chavua, ili ndevu zipokee chavua ya dume pekee. Mbegu huvunwa kwenye jike.

Sasa kazi iko wapi? Kwanza ni wakati. Chavua ikipigwa na jua kali hufa upesi, na ndevu hupokea vizuri zaidi siku za mwanzo. Zikifika kama siku kumi huwa zimechoka. Dume likiwahi kuchanua kuliko jike, hupandwa nyuma. Walio makini hupanda dume kwa awamu mbili, siku kadhaa mbalimbali, ili chavua isikatike mapema.

Pili ni maji. Mhindi ukishikwa na kiu, ndevu huchelewa kutoka huku mbelewele zikiendelea kumwaga, na wawili hao hawakutani tena. Kama maji ni ya kugawana, usikose zamu yako wiki ya kabla ya maua na ile ya baada yake.

Tatu ni kung'oa mbelewele. Mistari ya jike hupitiwa kila siku, kwa sababu mihindi haichanui yote pamoja. Ng'oa mbelewele, uache majani. Ukiyang'oa nayo unapunguza mavuno. Uchavushaji ukiisha, dume hukatwa ili magunzi yake yasichanganyike na mbegu.

Nne, na hapa ndipo penye ugomvi, ni jirani. Upepo hauna mpaka. Shamba la mbegu lataka angalau mita 200 kutoka kwa mahindi mengine, au tofauti ya kama mwezi mmoja katika kuchanua. Chavua ya kigeni ikiingia, mbegu yaweza kukataliwa, na jasho la msimu mzima likauzwa kwa bei ya ugali.

Nionavyo mimi, si haki kumlaumu jirani aliyepanda chakula cha wanawe. Mwenye mkataba ndiye wa kumwendea kabla ya mvua, wakubaliane: apande kunde au pojo upande ule, au abadilishe tarehe, naye afidiwe kitu. Kampuni nazo ziingie katika mazungumzo hayo, zisingoje kuja kukataa mavuno. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Na wewe mnunuzi, usiweke punje za PH4 uliyovuna ukazipande msimu ujao. Shambani mwako hakuna aliyetenga dume na jike, na nguvu ya chotara hupungua hapo hapo. Ukitaka mbegu ya kujiwekea mwenyewe, tafuta isiyo chotara, kama Coast Composite.