Jina la Babu, Herufi za Mjukuu

Mtoto wa kiume akizaliwa Ijumaa, pwani na hata bara, aghalabu huitwa Juma. Akizaliwa Alhamisi ataitwa Hamisi; akizaliwa mwezi wa mfungo, Ramadhani; msichana aliyekuja usiku, Chausiku. Ni majina mepesi, yamebeba siku na saa ndani yake, na hakuna asiyejua kuyaandika. Lakini mwenye jina akishaota ndevu na kununua simu, utamkuta amejiandika Jumah, au Jumaah, au Jayzoh. Mwimbaji Juma Mussa Mkambala wa Dar es Salaam alikwenda mbali zaidi: alikata mkia wa jina, akapachika herufi ambayo alfabeti ya Kiswahili haina kabisa, akawa Jux.

Wazee wakiona hivyo husema mwacha mila ni mtumwa. Walimu wa Kiswahili nao husema lugha inaharibiwa. Hoja zote mbili zinamweka kijana nje ya mila, ilhali yumo ndani kabisa. Anachokifanya kwa kidole kwenye simu, babu zake walikifanya kwa mdomo barazani.

Tuanze na jina lenyewe linavyotolewa. Katika familia nyingi za pwani, mtoto hunyolewa siku ya saba, mbuzi wa akika huchinjwa, na jina hutajwa mbele ya ndugu na majirani. Mara nyingi si baba na mama peke yao wanaolichagua. Babu, bibi na shangazi wana sauti kubwa. Wakikuyu wa Kenya wana mpangilio wao: kifungua mimba wa kiume hubeba jina la babu mzaa baba, wa pili la babu mzaa mama, na wasichana vivyo hivyo kwa bibi zao. Jina la namna hiyo lilikuwa na mwenyewe kabla ya mtoto, na mwenyewe huenda bado yu hai, ameketi kibarazani akisikiliza.

Hapo ndipo heshima inapoingia. Mama aliyemzaa Salum hawezi kumfokea, "We Salum, mjinga wewe!" ikiwa Salum ni jina la baba mkwe wake. Atakuwa amemtukana mzee. Ndiyo maana nyumba nyingi zina mtoto wa miaka mitatu anayeitwa Babu au Mzee, na mtaani wenzake hulikata jina lake. Abdallah huwa Dula, Selemani huwa Sele, Rashidi huwa Chidi, Mohamedi huwa Mudi, Hadija huwa Dija. Nairobi, Wanjiku huwa Shiku na Wanjiru huwa Shiru. Jina kubwa hubaki ndani kwa ajili ya dua, ndoa na mirathi; dogo hutoka nje kucheza.

Juu ya hayo ipo lakabu. Msichana aliyezaliwa Fumba, Unguja, mwaka 1880 aliitwa Mtumwa binti Saad. Sauti yake ya kuimba ilipowashika watu wa mjini, akaitwa Siti, jina la bibi mwenye hadhi, na kwa hilo ndilo anakumbukwa hadi leo. Mwimbaji Fatuma binti Baraka akawa Bi Kidude. Rashidi Mfaume Kawawa akawa Simba wa Vita, na Ali Hassan Mwinyi, rais aliyelegeza masharti ya biashara, akawa Mzee Ruksa. Lakabu hizo zilitoka kwa watu, na zilitoka baada ya watu kuona kazi. Kijana wa leo hana subira hiyo. Hujibandika mwenyewe, tena kabla ya kazi. Kwa hilo wazee wana haki ya kumcheka. Hata hivyo, tazama anachokigusa na anachokiacha.

Mbinu zake ni chache. Ya kwanza ni kuleta herufi ya ugenini. Kiswahili sanifu hakina q wala x, na c haisimami bila h. Kwa sababu hiyo hiyo, hizo tatu ndizo zinazopendwa kuliko zote. Fareed Kubanda wa Mwanza alipoingia kwenye hip hop alijiita Fid Q, kana kwamba K ya ukoo imegeuka Q. Kenya, Paul Julius Nunda alichukua jua kali, jina la mafundi wanaofua mabati na kuchomelea vyuma pale Kamukunji, akaliandika Jua Cali. Kwa herufi moja tu, fundi wa Nairobi akanukia Marekani. Tena alikuwa na haki nalo, maana Cali ni California, na California ni mtaa wa Nairobi, jirani na Eastleigh, ndio uliowapa Calif Records, waliotoa muziki wake, jina lao.

Mbinu ya pili ni mkia wa z. Arusha walikuwepo X Plastaz, ambao waliweka x mbele na z nyuma ili pasiwe na shaka. Dar es Salaam walikuwepo Daz Nundaz. Mswahili akilisoma jina hilo husikia nunda, yule mnyama mla watu wa hadithi za bibi, sasa amevishwa z ya wingi ya vijana wa Marekani. Naseeb Abdul Juma alipojiita Diamond Platnumz, alitoa i moja katikati na kuongeza z mwishoni. Na tazama hata jina la nyumbani: Naseeb, wala si Nasibu.

Ya tatu ndiyo yenye akili kuliko zote, nayo ni kuandika jina la Kiswahili kama Mwingereza angeliandika kwa kulisikia. Issah Mmari, kijana wa South C jijini Nairobi aliyefariki kwa ajali ya gari Machi 2003 akiwa na miaka 21, alijulikana kama E-Sir. Lisome kwa sauti: ni Isa yule yule. Kwa njia hiyo hiyo Asha huwa Asher, Salma huwa Salmer na Amina huwa Aminer, kwa kuwa Mwingereza haitamki r ya mwisho. Kiswahili chenyewe kilishapita njia hii kikienda upande wa pili. Kilipochukua meneja, kompyuta na sista, kiling'oa ile e na r kikaweka a. Kijana anarudisha kilichong'olewa, ila anakirudisha mahali ambapo hakikuwahi kuwepo.

Zipo na nyingine: kuandika herufi za mwanzo kama zinavyotamkwa, ndiyo Jaydee wa Lady Jaydee; au kurudufisha konsonanti, ndiyo Mobb ya Gangwe Mobb wa Temeke. Hao Gangwe Mobb wanachekesha kidogo, maana b zao mbili ni za Kimarekani, lakini wenyewe waliitwa Inspekta Haroun na Luteni Kalama, vyeo vya kizungu vilivyoandikwa kwa Kiswahili safi. Ugeni uliingia kwa mlango mmoja na kutoka kwa mwingine.

Ukiyapanga majina haya pamoja unaona jambo moja: mengi hayajabadilika kwa sikio. Mwite Asher kwa sauti, na bibi aliyempa jina ataitika kwa niaba yake. Aisha na Ayshah wakikutana sokoni bado ni wajina. Wapo wanaokata zaidi, kama Jux, au Zuchu ambaye nyumbani ni Zuhura, lakini hata wao wameacha silabi ya kwanza mahali pake. Kijana amelichukua jina la babu, akalihifadhi kwenye sauti, akajipatia lake kwenye maandishi. Hakuvunja agano la siku ya saba. Amefanya lile lile Dula na Chidi walilofanya, isipokuwa wao walikuwa na mdomo tu, naye ana kioo cha simu.

Mtindo huu una historia ya karibu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, hip hop ya Marekani ilipoenea Dar es Salaam na Nairobi kwa kanda na video, ilikuja na majina yaliyopindwa herufi kwa makusudi. Vijana waliiga muziki na wakaiga na maandishi. Hata jina la muziki wao lilipita kwenye karakana hiyo: wengine huandika Bongo Flava, wengine Bongo Fleva, na hakuna aliyefanikiwa kuwaamulia.

Kisha ikaja simu ya mkononi. Ujumbe mfupi ulikuwa na nafasi ya herufi 160 na kila ujumbe ulilipiwa, kwa hiyo watu wakabana: watu ikawa wa2, sijui ikawa cjui, sina ikawa cna. Ubanaji huo ulikuwa na hesabu yake. Lakini sasa ikawa xaxa, na sana ikawa xana. Hesabu herufi: nne kwa nne. Hakuna hata senti iliyookolewa. Ile x ilikuja kwa urembo peke yake, na kutoka kwenye salamu ikahamia kwenye majina.

Wazee wanaocheka nao wajitazame kwenye vyeti vyao. Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu kwa karne nyingi kabla ya herufi za Kirumi kushika. Mwaka 1930, kamati ya lugha ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar ilianza kazi ya kusanifisha lugha kwa kufuata Kiunguja. Maneno yakapata tahajia moja. Majina ya watu hayakupata. Zanzibar wakabaki na Khamis, Omar na Salum. Tanganyika wakaandika Hamisi, Omari na Salumu. Baadaye, karani au mwalimu fulani aliona Mary na Henry wana y ya kupendeza, basi Omari akawa Omary na Ali akawa Ally. Leo Ally ni jina la kawaida Tanzania Bara kiasi kwamba aliyekuwa nahodha wa timu ya soka ya Taifa Stars kwa miaka mingi ni Mbwana Ally Samatta, na hakuna anayeona y hiyo wala t mbili za ukoo kuwa ni mbwembwe. Mbwembwe ya babu, ikikaa miaka hamsini kwenye daftari, huwa ndiyo tahajia sahihi.

Wala haimaanishi kwamba jina lazima lipindwe ili ling'are. Kundi la Wagosi wa Kaya wa Tanga liliitikisa nchi kwa jina la nyumbani kwao, kama lilivyo. Vijana wa singeli, muziki wa kasi uliozaliwa uswahilini Dar es Salaam, wametoa Msaga Sumu, jina ambalo bibi kizee wa Mbagala analisoma bila kigugumizi. Ukali wa jina Msaga Sumu uko kwenye maana, hauhitaji x.

Shida huanza jina la mtaani linapotaka kuingia ofisini. Tangu M-Pesa, huduma ya kutuma fedha kwa simu, ianze Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka uliofuata, wakala wa pesa amekuwa shahidi wa siri za watu. Unamtumia fedha Jayzoh, na simu inakujibu kwa herufi kubwa kwamba fedha zimekwenda kwa Juma fulani bin fulani. Hapo hakuna aibu. Kila jina limefanya kazi yake mahali pake. Hata wasanii waliofika bungeni walilielewa hilo. Sugu alishinda Mbeya Mjini mwaka 2010, Professor Jay akashinda Mikumi mwaka 2015, Mwana FA akashinda Muheza mwaka 2020. Kumbukumbu za Bunge zinawataja kama Joseph Mbilinyi, Joseph Haule na Hamis Mwinjuma.

Jambo jipya, na ndilo linalostahili maneno makali, ni wazazi wa sasa wanaopeleka mtindo huu moja kwa moja kwenye cheti cha kuzaliwa. Neema anaandikishwa Nehmah, Brayani anapewa y mbili, Karimu anaanza na Q. Mtoto huyo atamtajia jina lake mwalimu wa darasa la kwanza, naye ataliandika anavyolisikia. Cheti cha shule kitasema hivi, cha kuzaliwa vile, kitambulisho cha Taifa kitafuata kimojawapo. Siku ya kuomba mkopo wa chuo au pasipoti, herufi moja itampeleka kwa wakili kula kiapo kwamba yeye na yeye ni mtu mmoja, na kiapo hicho kina gharama.

Gharama ya pili haionekani kwenye risiti. Uzuri wa jina la mtaani ni kwamba mwenyewe amelitengeneza, au wenzake wamempa kwa kumjua. Mzazi akilipinda mapema, amemnyang'anya mtoto mchezo ambao ulikuwa zamu yake.

Kwa hiyo kijana acheze. Juma na ajiandike Jumaah hadi achoke, mradi akiitwa kwenye dua aitike. Na wewe mzazi, ukifika dirisha la usajili, mpe karani jina atakaloliandika sawasawa kwa kulisikia mara moja. Ile x, mtoto akiitaka, ataitia mwenyewe.