Tairi Linalozunguka na Lililolala

Haya, wajukuu, sogeeni. Mmoja wenu aliuliza: gari la mbio litoke kiwandani likiwa na difu ya kawaida, au ile ya kubana ambayo mafundi huiita LSD? Tuanze na matope yetu wenyewe.

Mvua ya Januari ikinyesha hapa kwetu Bombambili, simameni kwenye barabara ya mtaa isiyo na lami. Litapita gari dogo linalosukumwa na matairi ya nyuma. Tairi moja litaingia kwenye tope, la pili libaki pakavu. Dereva akikanyaga mafuta, lile la kwenye tope litazunguka mbio na kuwachafua wanaosukuma. La pakavu limetulia tuli! Msimcheke dereva. Hiyo ni tabia ya difu.

Difu ni lile bonge la chuma mnaloliona katikati ya ekseli mkichungulia chini ya gari. Ndani yake mna gia, na kazi yake ni kusaidia kona. Shikaneni mikono wawili, mzunguke pembe ya nyumba: wa ndani atajikokota, wa nje atakimbia. Matairi nayo ni hivyohivyo. Kwenye kona ya robo duara, tairi la ndani likiwa mita 5 kutoka katikati na la nje mita 6.5, la ndani litakwenda karibu mita 8, la nje zaidi ya 10. Yangefungwa kwenye chuma kimoja, mojawapo lingeburuzwa. Ndiyo maana Mfaransa Onésiphore Pecqueur alibuni difu ya gari la mvuke katika miaka ya 1820.

Tatizo ni kwamba difu hii ya kawaida hugawa nguvu sawa kwa sawa. Tairi la kwenye utelezi likipokea nguvu kidogo, la pakavu nalo hupewa kidogo hichohicho.

Sasa twende kwenye mbio. Gari likiingia kona kwa kasi, uzito huhamia upande wa nje, tairi la ndani likawa jepesi. Dereva akikanyaga mafuta, hilo jepesi huzunguka bure na nguvu ya injini hupotea. Magari ya Auto Union ya Ujerumani, yenye injini ya silinda 16, yaliteseka hivyo miaka ya 1930. Ferdinand Porsche akaiomba kampuni ya ZF itengeneze difu ya kubana. Aina moja ya difu hizo ina sahani kama za klachi: tairi moja likitaka kukimbia peke yake, sahani hubanana, na nguvu zaidi huenda kwa lile lenye mshiko.

Hapa kwetu mfano uko barabarani: Toyota Altezza, iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 1998. Baadhi zilitoka kiwandani na difu ya Torsen, inayobana kwa gia badala ya sahani. Nyingine zina difu ya kawaida. Ukizitazama kwa nje, huwezi kuzitofautisha. Kutambua difu ya sahani, fundi hupiga jeki matairi yote mawili ya nyuma, kisha huzungusha moja kwa mkono. La pili likienda kinyume, ni difu ya kawaida. Likifuata upande uleule, ni ya kubana. Torsen inaweza kumdanganya, kwa hiyo husoma pia kibao cha kiwandani chenye maelezo ya gari.

Basi jibu langu: gari linalouzwa kwa sifa ya mbio, lenye injini kali, lije na difu ya kubana. Kumuuzia mtu nguvu ambayo kwenye kona inaishia kuzungusha tairi moja ni kumpunja. Gari la kwenda sokoni haliihitaji: bei hupanda, sahani huchakaa, na oili yake ni maalumu.

Ila kumbukeni, difu haitengenezi mshiko. Hutumia uliopo tu. Mwenye matairi vipara anunue matairi kwanza.