Mpira wa Vijana na Sala Zao



Kila mwaka wanafunzi wa sekondari wa Tanzania hushindana katika michezo ya UMISSETA. Huanzia shuleni, wakapanda wilayani na mkoani, kisha wateule wa kila mkoa hukutana katika mashindano ya taifa. Mwaka 2019 na 2021 walikutana Mtwara. Mwaka 2022, Tabora. Kijana wa Muheza akiingia katika timu ya Mkoa wa Tanga, hulala siku nyingi mbali na wazazi wake na mwalimu wake wa chuo.

Wako wazee wanaomzuia mtoto kabisa, wakisema mpira ni upuuzi. Wako na wanaomwachia aende wala wasimwulize neno juu ya sala. Njia zote mbili hazifai. Imepokewa kwamba Mtume (S.A.W.) alishindana mbio na Bibi Aisha (R.A.). Ubaya hauko katika mchezo, bali katika kupotewa na faradhi kwa ajili yake.

Natutazame mfano wa mbali. Katika mji wa Dearborn, jimbo la Michigan, Marekani, iko shule ya sekondari iitwayo Fordson, ambayo wanafunzi wake wengi ni Waislamu wenye asili ya Kiarabu. Mpira wao si kama wetu: umechongoka ncha mbili, hushikwa mikononi, na wachezaji huvaa kofia ngumu wakagongana kwa vishindo. Matayarisho ya msimu hufanywa Agosti, wakati wa joto kali. Mwaka 2010 Ramadhani iliangukia mwezi huo. Mwalimu wao wa mchezo, Fouad Zaban, hakuwataka waache saumu wala hakuuvunja msimu. Aliyahamishia mazoezi usiku, kuanzia saa tano, vijana wakiwa wamekwisha kufuturu na maji wakiruhusiwa kunywa.

Watu wale walibadili saa za mchezo. Saa za ibada hawakuzigusa.

Basi kabla mtoto hajapanda basi, yatupasa tumfundishe. Njiani, katika safari ndefu kama hiyo, ana rukhsa: Adhuhuri, Alasiri na Isha husali rakaa mbili mbili, Magharibi hubaki tatu, na Alfajiri mbili. Lakini katika madhehebu yetu ya Shafi, msafiri aliyenuia kukaa mahali siku nne kamili, bila kuhesabu siku ya kufika na ya kuondoka, husali sala kamili tangu afikapo. Vijana wengi hawalijui hili. Mchezo ukianza saa kumi jioni, na asali Alasiri kabla ya kuvaa viatu vya mpira, maana mchezo ukichelewa, Magharibi nayo yaweza kumkuta uwanjani.

Mtoto aliyefundishwa hivyo, na aende kwa amani. Akirudi, tumwulize kwanza habari za sala zake, kisha habari za mabao.

Wabillahi tawfiq.