Kusimama Juu ya Magurudumu

Hivi karibuni kijana mmoja alituonyesha katika simu yake picha za watu wa Ulaya wakienda kazini wamesimama juu ya ubao wenye magurudumu manne. Chini ya ubao kuna betri na mota, na mkononi mtu hushika kidude cha kuongeza mwendo na kufunga breki. Tulicheka, kisha tukaona kwamba jambo lenyewe si geni. Huko Goma watu hupanda chukudu ya mbao wakipeleka mizigo sokoni, na watoto wetu huteremka vilima kwa vigari vya miti walivyochonga wenyewe. Vyombo ni mbalimbali, ila majeraha ni yale yale.

Ubao wa betri huweza kwenda kilometa 30 hadi 40 kwa saa, karibu sawa na pikipiki mjini. Magurudumu yake ni madogo. Likikutana na kokoto, gurudumu dogo husimama ghafla, lakini mwili wa mpandaji huendelea mbele. Kigari cha mtoto hakina mota. Mteremko ndio injini yake, na breki ni kisigino. Katika barabara za changarawe kokoto hazikosekani, na kwenye lami ya kuteremkia Rusumo kuna malori. Huko mtoto asicheze kabisa.

Anayeanguka hivyo hutanguliza mikono, ndiyo maana kifundo cha mkono huvunjika mara nyingi. Usiuvute wala kuukanda. Ufunge juu ya kipande cha ubao au gazeti lililokunjwa, uuning'inize shingoni kwa kanga, kisha njoo hospitali.

Kichwa ndicho kinachotutia hofu zaidi. Tumewahi kupokea mtoto aliyeanguka alasiri, akainuka, akacheza, akala ugali, na usiku mama yake akashindwa kumwamsha. Damu inaweza kuvuja polepole ndani ya fuvu, nje pasionekane hata mchubuko. Kwa hiyo aliyegonga kichwa aangaliwe usiku kucha na aamshwe mara kwa mara. Akitapika, akiumwa kichwa kinachozidi, akisinzia kupita kawaida, akipata degedege, akilegea upande mmoja, au akitokwa na damu au majimaji masikioni au puani, msingoje kupambazuke. Asipewe aspirini, maana huzidisha kuvuja damu. Kama hana fahamu, msimwagie maji wala kumnywesha chochote. Mbebeni shingo ikiwa imenyooka, ikiwezekana juu ya ubao au mlango. Kumpakata kwenye pikipiki, kichwa kikining'inia, kunaweza kumwongezea madhara. Anayehitaji upasuaji wa ubongo huenda akapelekwa hadi Bugando, Mwanza, na safari hiyo huchukua saa nyingi.

Kinga ipo. Kwa wapanda pikipiki, kofia ngumu hupunguza hatari ya kufa kwa takriban asilimia 40, na ya kuumia vibaya kichwani kwa takriban asilimia 70. Lakini ifungwe mkanda kidevuni. Isiyofungwa huruka kabla ya kichwa kufika chini. Wapo akina mama wanaoikataa kofia ya bodaboda kwa kuogopa jasho na chawa wa wengine. Hatuwalaumu. Jifungeni kitambaa safi kwanza, kisha vaeni kofia juu yake. Na kofia iliyokwisha kupata ajali au kupasuka msimwachie mtoto aitumie kwenye kigari chake, haimkingi tena.