Je, Wajua? Ukwato wa Punda Hukua kama Ukucha

Katika mikoa ya Iringa na Mbeya farasi ni wachache, wakiwamo wale wa Mufindi wanaopandwa na wageni. Mizigo, kuanzia magunia ya mahindi hadi madumu ya maji, hubebwa na punda, ambaye ukwato wake umejengwa kwa keratini, yaani protini ileile ya ukucha wa binadamu, na hurefuka kwa milimita kadhaa kila mwezi.

Punda anayetembea juu ya mawe husagika kwato zenyewe, lakini akifungwa kwenye zizi lenye matope, hasa wakati wa mvua za Novemba hadi Aprili, kwato hurefuka na kupinda. Na kwa kuwa asili yake ni maeneo makavu ya kaskazini-mashariki mwa Afrika, ukwato wake hufyonza unyevu na kuoza upesi.

Mfugaji huchokoa uchafu kila siku kwa chuma butu, kuanzia kisigino kuelekea ncha, bila kuumiza ule mto laini wa pembetatu ulio katikati ya wayo, na kila baada ya wiki 6 hadi 10 husawazisha ukingo kwa tupa, kidogo kidogo. Panga, ingawa huwa karibu na mkono, halifai hata kidogo, kwani ndani ya mstari mweupe, yaani mpaka wa ukuta wa ukwato na wayo, mna tishu hai zenye damu na mishipa ya fahamu. Mto ukitoa harufu ya uvundo, bakteria wameshaingia, na hapo huitwa daktari wa mifugo.